TAHADHARI: Muuza moteri za Toyota "22R" hapa Lubumbashi ni mwizi, msimpe hata franga moja

Ndugu zangu wenye magari ya porini, hasa ninyi wa njia ya Kasomeno na Pweto, someni hapa kabla hamjatoa pesa. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya aibu. Lakini juzi nimesikia kijana mwingine anaenda kwake na dola mkononi, nikasema basi, inatosha.

Hilux yangu mnaijua, na vile ilinitesa mvua iliyopita mnajua. Nilikuwa nimeamua: moteri yake ya 2TR, ile ya enjeksio, itoke pamoja na kompyuta yake, niweke 22R, moteri ya zamani ya kabureta. Ile ikigoma katikati ya potopoto, unaifungua kwa bisibisi, unapuliza jeti, kile kitundu kidogo cha petroli, unaondoka na mzigo wako. Wazo ni zuri, nalitetea hadi leo. Mubaya ni yule mutu.

Moteri alikuwa ameilaza juu ya vyuma viwili nyuma ya duka, na betri chini, na kibidoni cha esanse (petroli) kimening'inizwa kwa waya. Akagusanisha nyaya, ikawaka papo hapo. Hakuna moshi, hakuna kugonga. Akanishika mkono akauweka nyuma ya bomba la moshi nisikie pumzi inavyotoka sawasawa. Kisha akaizima, akachovya kitambaa katika esanse, akafuta ubavu wa bloki taratibu, akamulika kwa simu. 22R. Nilizipapasa zile alama kwa kidole changu mwenyewe. Akaniambia: "Papa, hii njo moteri ya bazee. Haina kompyuta, haiogope maji. Utanikumbuka kule Pweto."

Nani angekataa? Alikuwa na karatasi ya duane (forodha) kwamba mzigo umepita Dar es Salaam ukaingia kwa Kasumbalesa. Shemeji yangu alinunua bwati ya vitesi (giaboksi) kwake na inatembea hadi leo. Aliniketisha, akaniitia maji ya kunywa, akampigia simu fundi wake mbele yangu, akaahidi garanti ya miezi mitatu kwa mdomo wake mbele ya watu. Nikalipa dola 1,400, na dola 250 za kufunga. Ndani ya hizo pesa kulikuwa na za mama watoto, za samaki, alizozikusanya tangu mwaka jana. Hilo ndilo linalonichoma kila usiku.

Hatukufika hata Kasomeno. Harufu ya esanse ilijaa ndani ya gari hadi macho yakawasha. Kwenye tope la kwanza, tope ambalo hata teksi ingepita, ikakohoa, ikazima. Nikachomoa kijiti cha mafuta ya moteri: yamepanda kupita alama ya juu, mepesi, yananuka esanse tupu.

Fundi mwingine, mzee wa Katuba, alipoifungua alinyamaza muda mrefu. Kwanza, fundi wa yule mwizi aliacha pompi ya umeme ya ile 2TR ndani ya tangi ikifanya kazi. Pompi ya enjeksio inasukuma kwa mgandamizo wa karibu bar 3, na kabureta ya 22R haitaki hata nusu bar. Kisindano cha kabureta hakiwezi kuzuia nguvu hiyo, basi esanse inafurika, inashuka kwenye silinda, inaingia katika mafuta ya moteri. Gari lingeweza kuungua na mimi na watoto wa kazi ndani! Bwati nayo wameilazimisha kwa bamba la kuchomelea, kwa sababu uso wa bwati ya 2TR haukutani na wa 22R. Klachi imekwisha.

Halafu akapima pistoni. Milimita 88 na nusu. Ya 22R ni 92. Tuliuziwa 20R, moteri ya miaka ya 1970, yenye sentimita za ujazo 2,189 na si 2,366. Kwa nje bloki zinafanana sana, ndiyo maana anapata wa kuwaibia. Akakwangua rangi pale penye namba, chini yake tukaona mikwaruzo ya gurudumu la kusaga, na ile "2" ya pili imegongwa kwa muhuri mwingine, imeinama.

Nimerudi kwake. Anasema garanti haihusu "kuendesha vibaya". Mbele ya wateja wengine! Mutu huyu afungwe. Duka lipigwe sili, moteri zote zilizomo zipimwe moja moja, na kila aliyeibiwa arudishiwe kabla ya yeye kula hata senti. Na fundi wake naye apelekwe pamoja, alijua alichokuwa anafanya.

Ukienda kununua kwa yeyote: gusa moteri kabla haijawashwa, yangu nilipofika ilikuwa tayari ya moto. Mafuta yake yalikuwa mazito mno, hayo huficha moshi na makelele. Rangi mpya pale penye namba, ikimbie. Risiti hakutoa, alisema kitabu kimekwisha. Na maji, asikudanganye: distribita, ile inayogawa umeme kwa plagi, ikilowa moteri inazima vilevile.

Duka liko komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, upande wa soko, mlango wa buluu, kontena nyuma. Kama nawe amekuuzia, niandikie, tupeleke malalamiko mamoja kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Mzee wa Katuba amekubali kuja na pistoni na kipimo chake.