Wikiendi ya watu wawili Mtwara: laleni Mikindani, mfuate bamvua

Kabla ya kutafuta chumba, kabla hata ya kukata tiketi ya basi, angalieni mwezi. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza kuhusu wikiendi ya Mtwara. Kusini huku chakula kizuri kinaletwa na maji, na maji yana ratiba yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari inaingia bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Asubuhi kwenye saa nne au tano maji yanakuwa yamepwa mbali, miamba iko wazi, watu wanatoka na vyuma vyao kwenda kuchokoa pweza. Jioni maji yanarudi kujaa, na hapo ndipo mnaogelea. Mkija siku za maji mafu, yasiyopwa mbali, mtapata samaki, mtapata chumba, lakini pweza atakuwa wa kutafuta, na huenda akawa wa jana.

Sisi tunaishi Masasi. Mume wangu alipopata likizo mwezi wa kumi tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukapanda basi Ijumaa mchana kupitia Ndanda na Mnazi Mmoja. Barabara ni lami, safari kama saa tatu hivi na zaidi kidogo ikiwa dereva anaokota abiria kila kituo. Kwa anayetoka Dar es Salaam hesabu ni nyingine kabisa: ni zaidi ya kilomita 550, basi linakula siku nzima, na kwa wikiendi fupi bora ndege au muongeze siku.

Swali la kwanza ni mlale wapi. Wageni wengi hulala mjini, upande wa Shangani, kwa sababu ndiko kwenye hoteli nyingi na ufukwe uko karibu. Sisi tulilala Mikindani, kilomita kumi hivi kabla ya kuingia mjini ukitokea Lindi, na kwa wapenzi wawili wanaotaka kula na kutembea kwa miguu ningechagua Mikindani mara zote. Mtwara mjini imepangwa kwa upana. Waingereza waliipanua baada ya vita kuu ya pili kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufa 1951. Walitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kufika mashambani Nachingwea. Bandari ilibaki, na leo inasafirisha korosho. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Ndiyo maana mji una barabara pana zenye nafasi kubwa katikati, na kutoka sehemu moja kwenda nyingine unahitaji bajaji. Mikindani ni kinyume chake: mji mkongwe wa Waswahili, umebanana kando ya ghuba, nyumba za mawe ya matumbawe, vichochoro, milango ya nakshi, roshani za mbao nyingine zimeshaanza kuanguka. Kila kitu kiko ndani ya mwendo wa dakika chache.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa ya familia, vyumba vichache juu ya duka. Tulilipa shilingi 60,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Chumba kilikuwa kisafi, shuka zinanukia sabuni, feni inazunguka vizuri, chandarua hakina tundu hata moja. Chandarua nakitaja kwa makusudi maana mikoko iko jirani na mbu wa Mikindani jioni hawana huruma. Bebeni dawa ya kujipaka. Maji ya bafuni yalikuwa ya ndoo Jumamosi asubuhi, yakarudi bombani mchana. Kwangu hilo halikupunguza kitu.

Kilichoifanya nyumba ile istahili kila shilingi ni mama mwenye nyumba. Tulipomwamkia shikamoo Ijumaa usiku, kabla hajatuonyesha hata chumba, aliuliza, "Wanangu, kesho mtakula nini?" Mume wangu akasema chochote. Mama akakataa. "Chochote si chakula. Kesho maji yanapwa saa nne, semeni sasa kama mnataka pweza nimwambie kijana." Tukasema tunataka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pweza yule ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote.

Aliletwa saa sita mchana, bado ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na zambarau, ngozi inang'aa, mikono yake inashika kidole ukiigusa. Kijana alishamponda kwenye jiwe kulekule pwani mpaka nyama ikalegea. Mama alimwosha, akamtia sufuriani bila maji na bila chumvi, akafunika. Pweza anatoa maji yake mwenyewe, na mama anaamini ukiwahi kumtia chumvi anakuwa mgumu. Hayo nayasema kwa kumwona mama akimrudisha nyuma binti yake aliyekuwa tayari ameshika kopo la chumvi. Alipoiva akakatwa vipande, kisha tui jepesi na vitunguu, nyanya, kitunguu swaumu na manjano, moto wa kuni usiokuwa mkali. Tui zito lilikuja mwisho kabisa, na ndimu baada ya sufuria kushuka. Pilipili mbuzi ilielea nzima, haikupasuliwa, ikatoa harufu bila kuunguza.

Tulikula na ugali wa muhogo. Mwenyeji wa kaskazini anaweza kuushangaa ugali ule, unavyovutika na kuteleza, lakini kwa mchuzi wa nazi hakuna mwenzake. Wali ulikuwapo pia. Tuliuacha.

Nimekula pweza Dar na nimekula pweza Unguja usiku, wale wa kukaangwa wanaouzwa kwa vijiti na supu yake kwenye kikombe. Watamu. Huyu wa Mikindani alikuwa jambo jingine: laini mpaka ndani, mchuzi una utamu wa bahari wenyewe. Mume wangu, ambaye kwao ni Newala na kwa kawaida chakula cha pwani hukisifu kwa adabu tu, aliomba kuongezwa. Mama akafurahi mpaka akatuletea na kisamvu ambacho hatukukiagiza.

Linganisha na usiku wa Jumamosi. Tulikwenda mjini kula kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, jina sitalitaja. Menyu ilikuwa kurasa nyingi: kamba, kaa, changu wa kuchoma, nguru wa kupaka. Tulichoagiza cha kwanza hakikuwepo, cha pili hakikuwepo, cha tatu kikakubaliwa, na baada ya kungoja zaidi ya saa nzima kikaletwa kuku wa friza na chipsi, kwa kuwa samaki "wameisha sasa hivi." Mhudumu alikuwa mpole na aliona aibu, simlaumu yeye. Ila nimejifunza kitu ambacho wenyeji wote wanakijua: Mtwara agiza chakula asubuhi. Piga simu, taja samaki, taja saa. Jikoni wananunua kwa ajili yako, na kinachofika mezani ni cha siku hiyo. Mgahawa usiokubali kuagizwa mapema ni wa chai tu.

Kama hamna mtu wa kuwapikia, nendeni soko la samaki la Feri asubuhi mashua zikirudi. Changu, tasi, kolekole, nguru wa vipande, vibua kwa mafungu. Tazameni jicho liwe limejaa na shavu la ndani liwe jekundu. Pembeni kuna wakaangaji, na wapo watakaowachomea mliyemnunua kwa pesa kidogo. Tulikula tasi wa kuchomwa pale Jumapili, ndimu na chumvi basi, tumesimama, mikono inanuka moshi.

Halafu kuna ming'oko. Ni mizizi ya porini, myembamba, inachemshwa na chumvi, unaimenya kwa meno huku unatembea, na pilipili ya kusaga kwenye kipande cha nailoni. Akina mama wanaipitisha kwenye mabeseni stendi na mitaani. Kwa mume wangu ni chakula cha utotoni, kwa mgeni ni kitu asichokipata Arusha wala Mwanza. Msiondoke bila kuila. Mwezi wa kumi pia ndio korosho zinaanza, na kwenye vijiji vya njiani mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaanguka chini ya miti, njano na nyekundu. Bibo bichi lioshe, na lisije likadondokea nguo nyeupe. Doa lake halitoki.

Kuhusu kuona mji: Jumamosi asubuhi, wakati pweza wetu bado yuko mwambani, tulizunguka Mikindani na kijana mmoja mwenyeji ambaye mama alituunganisha naye. Bei tulikubaliana kabla ya kuanza, na nashauri mfanye hivyo. Alitupeleka Boma, jengo jeupe lililojengwa na Wajerumani 1895, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikarabatiwa likawa hoteli. Linapendeza, na bustani yake ina kivuli kizuri. Alituonyesha nyumba yenye kibao kinachomkumbuka David Livingstone, aliyeanzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho kwenda bara kwa kufuata Ruvuma. Hakurudi tena pwani akiwa hai. Alifariki 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Lakini lililonishika mimi ni lile jengo linaloitwa soko la watumwa. Sisi wa Masasi tunajua misafara ilipita kwetu. Wanaoitwa watumwa katika hadithi za pwani walikuwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wangindo, watu wa majina tunayoyabeba mpaka leo. Kusimama pale kando ya mume wangu, tukitazama maji ambayo babu zetu wengine waliyaona mara ya kwanza wakiwa kwenye minyororo, hakukuwa sehemu ya mapumziko niliyoitarajia, na ninashukuru tulikwenda. Kijana wetu alinyamaza pale, hakuharakisha. Kwa hilo peke yake alistahili bakshishi.

Jumapili tulihamia mjini. Kwanza Majengo, kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo. Hata kama si Wakristo, ombeni kuingia ibada ikiisha. Kuta za ndani zimejaa picha kubwa za Biblia, rangi kali kutoka sakafuni karibu na dari, kazi ya padri Mbenediktini kutoka Ujerumani, Polycarp Uehlein, aliyezichora miaka ya 1970. Watu wake kwenye picha wana uzito, mikono mikubwa, macho yanayokufuata. Ilitubidi tukae kwenye benchi. Vaeni nguo za heshima, na msipige picha bila ruhusa.

Kisha kivuko kwenda Msangamkuu. Ni safari fupi mno ya kukatiza mlango wa bandari, nauli ndogo, mnasimama pamoja na pikipiki, magunia na wanawake wanaotoka sokoni. Ng'ambo mnakuta mchanga mweupe ambao Shangani haina, na watu wachache. Shangani nayo ni nzuri jioni, wenyeji wanacheza mpira na familia zinapunga upepo, ila takataka za plastiki ziliniumiza roho. Mji huu una bahari nzuri kiasi hicho na unastahili usafi kuliko ule. Msangamkuu palikuwa pasafi zaidi. Kumbukeni ratiba ya maji: tulifika adhuhuri maji yakiwa bado mbali, tukatembea, tukanywa madafu, tukaingia kuogelea kuanzia saa tisa yalipoanza kusogea. Muulizeni mtu wa kivuko saa ya mwisho ya kurudi kabla hamjashuka.

Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, tuliiacha kwa kusudi. Wengi wanaisifu, na ufuko wake naamini unastahili sifa, lakini ni mbali na mji na barabara inataka siku yake. Kuipachika kwenye wikiendi ya siku mbili ni kukubali kushinda kwenye gari, na mtakosa ama pweza ama Mikindani. Wenye siku tatu waende.

Usafiri wa ndani ulikuwa rahisi. Daladala za Mikindani na mjini zinapita mchana kutwa. Usiku tulichukua bajaji, na bei ya usiku ni lazima mpatane kabla ya kupanda. Tulitembea Mikindani baada ya isha bila wasiwasi wowote, watu wanasalimia, watoto wanakimbia vichochoroni.

Je, ni wikiendi ya kila wapenzi wawili? Wanaotaka muziki, kumbi na meza za taa za rangi watachoka kufikia Jumamosi usiku. Wanaopenda kula polepole, kuulizana maswali na kuogelea jioni, Mtwara itawapa zaidi ya walicholipia. Mimi na mwenzangu tulizungumza siku zile kuliko tulivyozungumza miezi kadhaa nyumbani, na sehemu kubwa ya mazungumzo ilifanyika tukiwa tunasubiri chakula kiive.

Korosho nunueni siku ya kuondoka, si ya kufika, na onjeni kabla ya kulipa. Iliyokaangwa vizuri inakatika kwa mlio na haina harufu ya mafuta ya zamani. Zile za nailoni zinazokaa juani kutwa stendi ziacheni. Tafuteni mama anayekaanga mwenyewe, akupimie zikiwa bado na joto. Tulichukua kilo mbili, moja ya bibi aliyebaki na watoto, na ile yetu ilikwisha kabla ya Ndanda.