ColabFold kwa wanaobuni vipokezi vya seli vinavyoyeyuka kwenye maji: ni nzuri, ila bluu isikupumbaze

Kama unafanya mambo ya protini na huna kompyuta ya maana, tumia hii huduma. ColabFold ni AlphaFold2 (programu ya akili bandia inayokisia umbo la protini) iliyorahisishwa, inafanya kazi kwenye brauza kwa akaunti ya Google, bure, na ile kazi ya kutafuta protini ndugu iliyokuwa inakula masaa wameipa programu ya MMseqs2, inaisha chapchap.

Mimi naitumia kwa CCR5 na CXCR4, ile milango miwili ambayo VVU hushirikiana nayo kuingia kwenye seli. Vipokezi hivi vinaishi kwenye utando wa mafuta, ukivitoa ukavitia kwenye maji vinagandana, hivyo lazima uvibebe na ditajenti (kitu kama sabuni), na ditajenti ni ghali halafu inavuruga vipimo, ukitaka kubandika kipokezi kwenye chipu ya kihisi ndo unateseka kabisa. Kina Shuguang Zhang wa MIT mwaka 2018 walikuja na QTY, mbinu ya kubadilisha asidi amino (kila moja huandikwa kwa herufi moja): kwenye helisi saba, yaani vipande vilivyojiviringa kama springi, zinazopita kwenye utando, penye L weka Q, penye V au I weka T, penye F weka Y. Zinatoka asidi amino zinazokimbia maji, zinaingia zinazopenda maji zenye umbo linalokaribiana. Karibu nusu ya helisi inabadilika na bado vipokezi vilishika ligandi zake (molekuli ambazo kipokezi huzishika) bila ditajenti, jamani! Mpaka leo nashangaa.

Sasa kwenye ColabFold unabandika mfuatano wako wa herufi za asidi amino, CCR5 ni asidi amino 352 tu, unasubiri, zinakuja modeli tano zenye rangi. Bluu maana yake programu ina uhakika, chungwa haina. Hapa ndo naomba watu wawe makini. Helisi mara nyingi zitatoka bluu safi, lakini ukiacha mipangilio ilivyo, programu inatafuta ndugu wa mfuatano wako na inawapata, maana vitanzi vya nje hukuvigusa, kwa hiyo inaweza kukuchorea CCR5 ya asili kwa kuangalia ndugu badala ya herufi ulizoweka wewe. Nenda kwenye mpangilio wa msa_mode, chagua single_sequence (mfuatano wako peke yake, bila ndugu), rudia. Umbo likisimama bila ndugu, hapo una kitu mkononi. Likibomoka usikate tamaa, hata protini nyingi za asili hubomoka hapo, ila usikimbilie kuagiza jeni ya protini yako kwa hela ya mradi kisa picha ya kwanza imependeza.

Kama itayeyuka kweli au itashika ligandi, ColabFold haikuambii, ni kazi ya maabara. Sesheni za bure nazo zina kikomo, pakua faili la zip mapema.

Nyota nne kati ya tano. Ukimaliza, ilaze modeli yako juu ya 4MBS, namba ya umbo lililopimwa maabara la CCR5 iliyoshikana na dawa ya maraviroc, uangalie kishimo cha dawa kimebaki vipi, maana baadhi ya hizo L, I na F ulizotoa zinaweza kuwa ndo zinakizunguka.