TAHADHARI: "Kikapu cha teknolojia" kinacholipa faida kila siku ni utapeli, kimenimaliza

Ndugu zangu, naandika haya kwa uchungu, na naomba aliyealikwa kwenye kundi la namna hii asome mpaka mwisho kabla hajamtumia mtu hela. Kuna watu wanauza kitu wanachokiita "kikapu cha teknolojia". Wanakuambia hela yako inanunua hisa za kampuni za simu, za watengenezaji wa chipu na za midia ya kidijitali, halafu unalipwa asilimia 1.5 kila siku. Nimekaa nao kuanzia Mei hadi Septemba 2024. Akiba yangu yote imekwenda. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimwingiza na mdogo wangu.

Najua wengi wanadhani anayetapeliwa ni yule asiyeuliza maswali. Mimi niliuliza sana, na majibu mengi niliyopewa yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo mtego ulipo.

Aliyenialika ni mtu niliyesoma naye, ambaye mwenyewe alikuwa ameshanaswa bila kujua. Ndani ya kundi kulikuwa na mwanamume anayeitwa Profesa, na msaidizi wake wa kike anayejibu ujumbe hata usiku wa manane. Kila asubuhi Profesa alituma somo. La kwanza lilihusu kampuni ya ASML ya Uholanzi: kwamba ndiyo pekee duniani inayotengeneza mashine za kuchora saketi za chipu za kisasa kabisa kwa mwanga usioonekana kwa macho, na bila mashine hizo TSMC ya Taiwan isingeweza kutengeneza chipu za Nvidia na Apple. Nikaenda kuhakikisha. Ni kweli. Somo la pili lilieleza kwa nini wapenda gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, wanakimbilia AT&T na Verizon, kampuni za simu za Marekani: wateja wanalipa bili ya simu kila mwezi, uchumi uwe mzuri au mbaya. Nalo la kweli. Likaja la Netflix, likaja la matangazo ya mtandaoni. Wiki mbili hazijaisha, nikawa nimeshamwamini mtu nisiyemjua sura, eti kwa sababu anafuatilia vizuri habari za biashara.

Nikaweka dola 200. Siku ya nne nikajaribu kutoa dola 30, zikaingia ndani ya saa moja. Nikamtumia mdogo wangu picha ya ujumbe wa malipo. Ndugu zangu, hizo dola 30 ndizo chambo chenyewe. Wanakulipa kutoka kwenye hela yako au ya mwenzako aliyeingia jana, kisha wanangoja uongeze. Niliongeza mara sita.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Kampuni zote kwenye kile kikapu zipo. Bei nyingi zilizoonekana kwenye programu yao zilikuwa bei halisi za soko. Ila hakuna hisa hata moja iliyowahi kununuliwa kwa jina langu. Nilikuwa namiliki tarakimu kwenye skrini, na anayeziandika ni wao. Kwa mtu anayejua hisa hizi zinavyokwenda, dalili zilikuwa nje kabisa. Mimi nimezijua baada ya kulizwa, ndiyo maana nataka ninyi mzijue mapema.

Anza na gawio. Kila Ijumaa programu ilinionyesha "gawio la Netflix". Netflix iliingia sokoni mwaka 2002, na muda wote huo nilipokuwa nalipwa "gawio" lake ilikuwa haijawahi kumlipa mwanahisa gawio hata la senti moja. Meta (wenye Facebook) na Alphabet (wenye Google) ndiyo kwanza walianza kulipa mwaka huohuo wa 2024, na wanalipa kwa robo mwaka. Nvidia ilikuwa inalipa, lakini ni senti 1 ya dola kwa hisa kwa robo mwaka. Rudia kusoma hapo: senti moja, kila miezi mitatu. Watu wananunua Nvidia wakitarajia bei ipande, hakuna anayeishi kwa gawio lake. Mimi nilikuwa "nalipwa" kila siku ya Mungu, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, siku ambazo soko la New York na Nasdaq yanakuwa yamefungwa. Niliona Jumapili salio limepanda, nikafurahi. Sikujiuliza nani ameuza na nani amenunua.

Hata kampuni za simu, ambazo ndizo zinasifika kwa gawio, hazitoi ahadi ya milele. Ni biashara yenye madeni mazito, maana kujenga minara na kununua masafa ya mawimbi ya mtandao kunameza mabilioni. AT&T ilishusha gawio lake mwaka 2022 kutoka dola 2.08 kwa hisa kwa mwaka hadi dola 1.11. Vodafone ikatangaza mwaka 2024 kwamba inalikata lake nusu. Kama mabingwa wenyewe wa gawio wanapunguza, aliyekuambia asilimia 1.5 kwa siku bila kukosa anaitoa wapi? Piga hesabu, mimi niliipiga nikiwa nimechelewa: asilimia 1.5 kila siku, faida ikirudishwa kuzaa tena, dola 100 inakuwa karibu dola 22,900 ndani ya mwaka. Mwenye siri hiyo asingehangaika kutafuta wanachama kwenye simu.

Dalili ya pili ningeiona Juni. Nvidia iligawanya hisa zake, moja ikawa kumi, na kuanzia Juni 10, 2024 zikaanza kuuzwa kwa bei mpya. Hisa iliyokuwa zaidi ya dola 1,200 ikawa dola 120 na kidogo. Mwenye hisa halisi mbili aliamka ana ishirini, bila kujaza fomu yoyote. Kwenye akaunti yangu zilibaki mbili, kwa bei ileile ya zamani, siku tatu nzima. Nilipouliza, msaidizi akasema mtambo unafanyiwa matengenezo. Halafu usiku tarakimu zikabadilishwa. Ndiyo kusema kuna mtu alikuwa anaziandika kwa mkono.

Dalili ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu hapo ningeweza kutoka. Agosti 1, 2024 Intel, kampuni ya chipu ya Marekani, ilitangaza kusimamisha gawio na kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi wake. Kesho yake hisa ikaanguka takriban asilimia 26 kwa siku moja. Habari ilikuwa kila mahali. Nikafungua programu mikono inatetemeka, maana kikapu changu kilikuwa na Intel. Salio limepanda. Asilimia 1.5, kama jana. Profesa akaandika kwamba kikapu kina "kinga maalumu". Na mimi, badala ya kushtuka, nikashukuru. Nikaongeza hela.

Hisa za sekta hizi tatu zina mawimbi, hilo lazima ulijue kabla ya kitu kingine. Chipu zina misimu: leo uhaba, viwanda vinajengwa, kesho bidhaa zimejaa maghalani na bei inaporomoka. Nvidia hiyohiyo inayosifiwa ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mwaka 2022. Meta ilishuka asilimia 26 kwa siku moja, Februari 3, 2022. Netflix ilianguka asilimia 35 Aprili 20 mwaka huohuo, baada ya kusema imepoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza. Na kwenye simu, wa umri wangu wanaikumbuka WorldCom ya Marekani, iliyopika vitabu vya hesabu kwa takriban dola bilioni 11 na kuomba kinga ya ufilisi Julai 2002; bosi wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25. Akaunti isiyoshuka hata siku moja, wakati hisa zilizomo zinashuka mbele ya macho ya dunia nzima, haina hisa ndani.

Kulikuwa pia na "ofa ya wateja maalumu". Mwishoni mwa Mei walituuzia nafasi ya kununua hisa za Reddit, mtandao wa majadiliano, kwa bei ya toleo la kwanza, yaani bei ya kabla hazijaanza kuuzwa sokoni, dola 34. Reddit ilishaingia soko la New York tangu Machi 21, 2024, na bei ilishapita hapo siku ya kwanza. Toleo la kwanza likifungwa limefungwa. Hakuna anayebakiwa na fungu la bei ya zamani la kumgawia mtu asiyemjua. Mdogo wangu alilipia hiyo.

Septemba nikataka kutoa. Wakasema kwanza nilipe "kodi ya faida", asilimia 20 ya salio, na isikatwe kwenye salio, nitume hela mpya. Nikatuma. Ikaja ada ya kuthibitisha akaunti. Nikatuma. Kisha wakasema akaunti imezuiwa kwa tuhuma za kutakatisha fedha, na dhamana inahitajika. Nikaishiwa. Msaidizi aliyekuwa akinitakia usiku mwema akaacha kujibu.

Jueni kodi inavyokwenda: gawio la kampuni ya Marekani likimwendea mgeni, kodi inakatwa hukohuko kabla halijamfikia, kiwango cha kawaida asilimia 30, au pungufu pale penye mkataba wa kodi kati ya nchi. Anakata dalali, yaani kampuni inayokununulia hisa, wewe unapokea kilichobaki. Hakuna dalali wa kweli anayekuambia utume hela ndipo akupe hela yako.

Na leseni? Walinitumia cheti chenye namba. Niliitafuta namba kwenye orodha ya mamlaka, nikaikuta, nikatulia. Ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa, waliiba namba na jina. Ningepaswa kupiga simu iliyoandikwa kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, badala ya ile iliyo kwenye cheti. Nilipopiga hatimaye, aliyepokea alisema mimi si wa kwanza. Kwa wanaodai wamesajiliwa Marekani, BrokerCheck, ukurasa wa mtandaoni wa FINRA (chombo kinachosimamia madalali huko), inaonyesha dalali na rekodi yake bure. Uingereza, FCA, mamlaka ya huduma za fedha ya huko, ina orodha ya matapeli wanaojulikana, wakiwemo hawa wanaoiga kampuni halali. Nyumbani kwako ipo mamlaka ya masoko ya mitaji, waulize. Halafu angalia hela inakwenda wapi. Mimi nilikuwa naambiwa ninunue sarafu ya kidijitali na kuituma kwenye anwani inayobadilika kila mara, na programu nilipakua kwa kiungo cha ndani ya kundi. Hilo peke yake lilitosha.

Kama umo ndani sasa hivi, omba kutoa salio lote leo, si dola 30. Wakidai malipo yoyote ya kulifungua, usilipe. Piga picha mazungumzo, anwani ulizotumia na tarehe kabla hawajakutoa kwenye kundi, kisha nenda benki na polisi siku hiyohiyo. Nami nimechelewa wiki tatu kwa aibu, na hizo wiki tatu ziliwasaidia wao. Na wakikufuata "wataalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa", wakae mbali nawe. Walinijia watatu ndani ya mwezi mmoja, mmoja akijua kiasi nilichopoteza hadi dola ya mwisho. Angejuaje kama si wao kwa wao?

Kundi limerudi. Mtu amenitumia mwaliko juzi: jina jipya, Profesa mpya, safari hii wanaongeza na akili unde (AI). Somo la asubuhi ya kwanza halijabadilika hata nukta, ni lilelile la mashine za ASML na mwanga usioonekana. Ukitumiwa hilo na mtu usiyemjua, ni wao.