VPN ya duka dogo: ununue ipi kama duka liko Unguja na stoo iko Pemba?

Hivi karibuni nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, mbele yangu rauta mpya bado imo ndani ya mfuko wake. Stoo ya mwenye duka iko Chake Chake, na alitaka kijana wake wa huko afungue programu ya mauzo iliyomo kwenye kompyuta ya dukani. Hiyo ni kazi ya VPN, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali kupitia intaneti. "Mwanangu, si uchomeke tu?"

Nikaingia kwanza kwenye rauta ya laini inayoleta intaneti, nikatazama anwani ya intaneti (IP) aliyopewa. Inaanza na 100.72. "Mzee wangu," nikamwambia, "hii uliyonunua peke yake haitokufaa."

Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 mtoa huduma huzitumia anapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Wewe unatoka vizuri, ila aliye nje hana njia ya kukupigia hodi. Rauta nyingi za laini ya simu ziko hivyo. Basi tazama anwani yako kabla hujatoa hata shilingi.

1. Tailscale. Ni programu ya VPN, na kwa maduka mengi ya kwetu naiweka mbele. Imejengwa juu ya WireGuard, mfumo wa VPN wa kisasa, na kompyuta zote mbili zinatoka zenyewe kwenda kukutana, kwa hiyo huhitaji anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje, wala rauta maalumu. Kwa watu wachache kuna mpango wa bure. Unaiweka dukani, unaiweka Chake, unaingia kwa akaunti ya barua pepe, kazi imekwisha. Lakini akaunti hiyo ndiyo ufunguo: iwe ya mwenye mali, yenye uthibitisho wa hatua mbili, si ya kijana ambaye kesho atahamia Dar. Halafu kuna mtego uliowahi kuniamsha alfajiri: usipobadilisha mipangilio, ruhusa ya kila kifaa huisha baada ya siku 180. Kwa kompyuta ya dukani, zima ukomo huo siku ile ile unayoiweka.

2. Rauta ya MikroTik yenye WireGuard. Ukiwa na anwani ya umma isiyobadilika, hii naipandisha iwe ya kwanza. Unanunua mara moja, na kamera, printa na kompyuta zote zinapita humo. Hakikisha ina RouterOS 7, mfumo unaoendesha rauta hizo, maana toleo la 6 halina WireGuard. Muulize mtoa huduma anwani hiyo ni kiasi gani kwa mwezi, ndipo uende dukani kununua. Fundi akikwambia atakuwekea PPTP, aina ya VPN ya zamani, kwa sababu ni rahisi, mshukuru na utafute mwengine. Ulinzi wake ulishavunjwa zamani.

3. Seva ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali ambayo duka na stoo zote zinapitia. Inafanya kazi, ila unalipa dola kila mwezi na lazima awepo mtu wa kuitunza. Seva ikiwa Ulaya, bei ya mfuko wa saruji inasafiri hadi huko ndipo ifike Pemba.

VPN za bure za kwenye simu hazimo kabisa: zinakufichia anwani, hazikufikishi dukani. Na asikudanganye mtu ufungue mlango wa 3389 wa Windows, ule wa kuendesha kompyuta kwa mbali, uwe wazi kwa dunia nzima. Wezi wanaubisha usiku kucha.

Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitangaza kuwa watu na kampuni wanaotumia VPN wajisajili. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo na sisi tumo. Lishughulikie mapema.

Yule mzee tuliishia kwenye Tailscale. Rauta yake sasa inatoa waifai ya dukani. Pesa iliyobaki ilinunua UPS ndogo (betri ya akiba), na kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiwekea kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kijana wa Chake anaanza kazi saa moja asubuhi, na saa hiyo dukani hamna wa kubonyeza kitufe.