Miezi minne na unga wa uyoga: tumbo ndilo lililotulia kwanza

Kopo la kwanza la unga niliounua kwa ajili ya wasiwasi nililitupa. Mbele lilikuwa na picha ya Hericium erinaceus, ule uyoga mweupe wenye nyuzi zinazoning'inia kama ndevu. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, waliandika kwamba ni utando wa uyoga, yaani nyuzi zinazoota kabla ya uyoga wenyewe, uliooteshwa kwenye nafaka, kisha vyote vikasagwa pamoja. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye maji yanayochemka, nikaacha yapoe, nikadondosha matone mawili ya iodini. Yakageuka buluu iliyokoza, karibu nyeusi. Wanga tele! Iliniuma, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hununua vitu hivi akiwa amechoka kweli.

Kopo la pili lilitokana na uyoga wenyewe. Nilipolipima vivyo hivyo, maji yalibaki na rangi ya kahawia ya iodini. Hilo ndilo nililotumia.

Wasiwasi wangu hukaa tumboni: nikiwa na jambo kubwa kesho, leo naharisha. Nilimweleza daktari kabla ya kuanza, na dawa zake sikuziacha. Wiki ya kwanza gesi ilinitesa, nikapunguza hadi nusu kijiko. Kufikia wiki ya tatu choo kilikuwa cha kawaida, na usingizi ukafuata baadaye, taratibu. Wasiwasi umepungua, haujaisha. Kipindi hichohicho nilianza kutembea kila jioni, kwa hiyo sifa zote siwezi kuupa uyoga.

Kwa tumbo naona mantiki yake. Beta-glukani za uyoga ni nyuzinyuzi tusizoweza kumeng'enya. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi kama butireti, ambayo ni chakula cha seli za utumbo huo. Ila tangazo linaloahidi "kuongeza serotonini ya ubongo", kemikali inayohusika na hisia, lipuuzeni. Kweli takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, lakini haivuki kuingia kwenye ubongo. Tumbo na ubongo huwasiliana kwa njia nyingine, ikiwemo neva ya vagasi. Na utafiti wa Japani wa mwaka 2010 kuhusu uyoga huu na wasiwasi, unaotajwa sana, ulihusu wanawake 30 tu, kwa wiki 4.

Lawama yangu kwa kopo la pili ni kifuniko: hakibani vizuri, unga unashika unyevu na kuganda mabonge. Mimi nimeuhamishia kwenye chupa ya kioo.