Mödlareuth: kijito cha kuruka tu, eti ndo mpaka wa dunia mbili

Jamani nimerudi toka Mödlareuth jumamosi na bado naiwaza, ngoja niandike chapchap kabla sijasahau. Makumbusho ya huko nawapa nyota 5. Safari ya kufika nyota 2, nitasema kwa nini.

Kwa wasiopajua, ni kijiji cha Ujerumani cha watu kama 50 hivi, kusini mwake kuna mji wa Hof, vilima, mashamba na misitu ya misonobari tu. Nusu yake ni jimbo la Bavaria nusu jimbo la Thuringia, na kinachogawa ni kijito kinaitwa Tannbach. Mi nilitegemea mto wa maana bana. Nikaruka, na kitambi changu hiki, kiatu hakikulowa.

Sasa hicho kijito ndo mpaka tangu 1810, huku ufalme wa Bavaria kule watawala wa Reuss, wakasimika mawe yenye herufi KB (ufalme wa Bavaria) na FR (utawala wa Reuss), ila wanakijiji wala hawakuwa na habari nayo. Shule na baa viko upande wa Thuringia, ibada wanaenda Töpen upande wa Bavaria, maisha yanaenda. Vita ya pili ya dunia ikaisha, huyu akajikuta kwa Wamarekani yule kwa Warusi, 1949 zikawa nchi mbili kabisa, Bavaria iko Ujerumani Magharibi, Thuringia Ujerumani Mashariki, 1952 uzio wa mbao, halafu 1966 ukashushwa ukuta wa zege wa mita 700, kwenda juu mita 3.3, katikati ya kijiji! Wamarekani wakapaita Berlin Ndogo, maana Berlin nayo iligawanywa kwa ukuta.

Nilichopenda ni kwamba kipande cha ukuta kimeachwa palepale kilipokuwa, cheupe pe, pamoja na uzio wa chuma na mnara wa walinzi. Nikaenda kusimama upande wa mashariki, karibu kabisa na zege. Unaona paa la nyumba ya ng'ambo, mwenye nyumba humuoni. Na watu wa mashariki walikatazwa hata kupunga mkono, yaani shangazi yako yuko hapo umbali wa kurusha jiwe, anakupungia, we unajifanya unaangalia kuku. Wa magharibi wao walikuja kuchungulia watakavyo, hata George Bush mkubwa alifika 1983 akiwa makamu wa rais wa Marekani.

Njia ya kupita kwa miguu ilifunguliwa 9 Desemba 1989, mwezi mzima baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, na 17 Juni 1990 wakaleta katapila likabomoa ukuta, kasoro hicho kipande. Lakini mpaka wa majimbo upo mpaka leo!! Kijiji kimoja meya wawili, namba za posta mbili, namba za magari tofauti, hata salamu, huku Grüß Gott huku Guten Tag. Hapo nilicheka peke yangu.

Haya, usafiri. Kijijini hakuna stesheni, nilishuka Hof nikachukua gari la kukodi, kampuni siitaji, tuliahidiana saa mbili asubuhi nikapewa funguo saa nne na hita haifanyi kazi. Hasira zote.

Mkienda anzeni na filamu ndani ndo mtoke nje, mkianza nje mtaona mazege tu. Na vaeni koti zito, vitu vingi viko uwanjani na ule upepo hauna huruma.