Rejista za vipimo: faili au TPM pepe?

Kwa waandishi wa programu wa Mwanza wanaotunza hesabu za wafanyabiashara wa samaki kwenye seva za kukodi zilizo mbali na ziwa, kuna njia mbili za keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) kuonyesha rejista za vipimo, yaani nafasi zinazohifadhi alama za programu zilizopakiwa, ndani ya mashine pepe ya siri, ambayo kumbukumbu yake hata mwenye seva hawezi kuisoma. Ya kwanza huipa kila rejista faili yake. Katika TDX, teknolojia ya Intel ya mashine za aina hiyo, rejista zinazoongezewa vipimo wakati mashine inaendeshwa ni nne, kila moja ya baiti 48, na anayeandika humo hafuti thamani ya zamani, bali huichanganya na mpya kwa SHA-384, kanuni ya kutoa alama ya kidijitali ya data, mithili ya daftari la mzani wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambamo mstari huongezwa tu. Kusoma ni rahisi mno. Ila kuandika kunakomaanisha kuongeza, kwa maoni yangu, kunapotosha.

Njia ya pili ni TPM pepe, yaani chipu ya usalama inayoigizwa na programu. Ina rejista 24 na programu nyingi zimekwisha kuizoea, lakini programu inayoiendesha nayo lazima iaminiwe. Kwa SEV-SNP, teknolojia kama hiyo ya AMD, ambayo maunzi yake hupima mashine inapoanza tu, hiyo ndiyo njia iliyozoeleka. Kwenye TDX ningechagua faili, mradi kumbukumbu ya matukio itunzwe kando, kwa kuwa baiti 48 peke yake hazimwelezi mkaguzi ni nini kilichopimwa.